Kifurushi cha vipimo vya kitambi, laki tatu na themanini: nilipe au niachane nacho?

Segerea_Mwisho

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnisaidie kusoma karatasi. Manifesti ya kontena naisoma nikiwa nimefumba jicho moja, ila haya ya damu yamenishinda.

Nina miaka 44, urefu sentimita 171, kilo 78. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini, maana yake mchana kutwa niko kwenye kiti pale Posta nabishana na mfumo wa forodha, jioni niko kwenye kiti cha gari nabishana na foleni ya Mandela. Mikono na miguu bado ni ile ya kidato cha nne. Tumbo ndilo lililojitegemea. Madereva wa malori wananiita "bosi" na mshahara wa ubosi sijawahi kuuona. Mke wangu ni fundi cherehani, ananishonea suruali, akazungusha futi kamba akasema 101. Nikamwambia apime tena, akasema futi ni ileile.

Ofisi ikatupeleka kupima afya. Majibu haya hapa. Presha 138/88. Sukari kabla ya kula 6.0. Sukari ya miezi mitatu, ile wanayoiandika HbA1c, asilimia 5.4. Kolesteroli jumla 5.0, LDL (yale mafuta mabaya) 3.6, HDL (yale mazuri) 0.9, trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) 1.2. ALT ya ini 52. CRP, wanasema ni kipimo cha uvimbe mwilini, 6.4. HDL imewekewa alama ya kuwa chini, ALT na CRP alama ya kuwa juu. Daktari akapitisha macho akasema sukari nzuri, mafuta si mabaya, nipunguze chumvi na nitembee. Nikatoka na furaha yangu, nikaenda kunywa uji upande mmoja wa mdomo, maana kuna jino la nyuma linanisumbua.

Kabla sijalipa uji, akanifuata dada wa mapokezi na kipeperushi. Wana kifurushi maalumu cha kitambi: insulini, leptini, adiponektini, homosisteini, asidi ya yuriki, vitamini D, na CRP kurudia. Shilingi 380,000, bima haigusi. Anasema hiyo CRP yangu inaonyesha kitambi kinanichoma ndani kwa ndani, na vipimo vya kawaida haviwezi kukiona.

Maswali yangu mawili. Hivyo vipimo vitaniambia nini nisichokijua? Na inawezekana mtu sukari yake nzuri, mafuta yake mazuri, akawa hatarini kwa ajili ya tumbo peke yake? Hela hiyo nikiitoa, kuna ada ya mtu itayumba.

Chuma_Mwenge

Bosi, okoa hela yako. Kuna hesabu moja sisi watu wa mazoezi tunaitumia kujua kama mwili unaikataa insulini, ile homoni inayoshusha sukari: chukua trigliseridi gawa kwa HDL. Ukipata chini ya 3 uko salama. Yako ni 1.2 kwa 0.9, inakuja 1.3. Uko salama mbali sana. BMI yako, ule uzito kulinganisha na urefu, haifiki hata 27. Acha wali wa usiku, acha soda, njoo tunyanyue vyuma, kitambi kinaondoka chenyewe.

Tiba_Asilia_Original

Unga wa kukata kitambi upo, mizizi mitupu haina kemikali, siku 14 tu. Njoo pembeni tuongee.

Mama_Maabara

Wa mizizi apite tu, hapa kuna ALT ya 52 na sitaki mtu amwongezee huyu kijana mzigo kwenye ini kwa unga usiojulikana umetoka wapi.

Chuma, mdogo wangu, hesabu unayo ila umeipima kwa kipimo kisicho chake. Ile 3 unayoitaja ni ya Wamarekani wanaosoma mafuta kwa miligramu kwenye desilita. Majibu ya huyu yapo kwa milimoli kwenye lita. Ukiyageuza, trigliseridi 1.2 inakuwa kama 106, HDL 0.9 inakuwa kama 35. Gawa. Umepata 3 na kidogo. Kwa hesabu yako mwenyewe umemtoa kwenye usalama ukamsogeza mlangoni. Nimeona watu wengi mjini wakichanganya vipimo hivi, maana maabara moja ya Kariakoo inakuandikia hivi, nyingine ya Sinza vile, na sukari ya mashine ya nyumbani inakuja kwa milimoli wakati video unayoitazama inasema "chini ya 100".

Halafu hata ukiipiga sawasawa, mgawanyo huo kwetu sisi Waafrika si wa kuuegemea. Daktari Anne Sumner na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliandika mwaka 2005 kwamba kwa Wamarekani weusi, trigliseridi na mgawanyo wake na HDL havitambui vizuri nani mwili wake umegomea insulini. Kwa Wazungu, mwili ukigomea insulini trigliseridi hupanda, unaiona kwenye karatasi. Kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi waliowachunguza, kile kimeng'enya kinachosafisha trigliseridi kwenye damu kinaendelea na kazi hata insulini ikiwa imekwama, kwa hiyo namba inabaki nzuri na tatizo lipo palepale. Nyumbani hapa naliona kila wiki: mtu tumbo liko mezani kabla yake, sukari inapanda, trigliseridi 1.0. Anaambiwa mafuta yako safi.

Sasa twende kwa mwenye swali. Kaka wa Segerea, daktari wako amesoma kila mstari peke yake. Hatari ya tumbo husomwa kwa mistari kukaa pamoja. Mwaka 2009 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, Chama cha Moyo cha Marekani na wenzao walikubaliana alama tano: kiuno, presha kuanzia 130/85, sukari ya njaa kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na HDL chini ya 1.0 kwa mwanaume au chini ya 1.3 kwa mwanamke. Ukiwa na tatu kati ya tano, una kile wanachokiita sindromu ya kimetaboliki. Hesabu zako: presha ipo, sukari ipo, HDL ipo. Tatu tayari, na futi kamba ya shemeji hatujaigusa.

Kiuno ndiyo penye mabishano. Wamarekani wamezoea kusema mwanaume apite 102 ndipo wahesabu, kwa hiyo kwao umeponea kwa sentimita moja. Shirikisho la Kisukari linasema 94, na likaagiza Waafrika wa kusini mwa Sahara watumie mstari huohuo wa Wazungu mpaka tupate wetu. Baadaye watafiti walikusanya takwimu za maelfu ya watu kutoka nchi kadhaa za huku kwetu, wakapata mstari unaofaa uko karibu na 81, wake kwa waume. Mimi nikiwa na mteja mbele yangu sipotezi muda: kiuno kisizidi nusu ya urefu. Wewe nusu yako ni 85 na nusu. Una 101. Ila mwambie shemeji apime katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, juu ya ngozi, ukiwa umetoa pumzi kawaida. Pale unapofungia mkanda, chini ya tumbo, ndipo wanaume wote wa Dar wana 88.

Kwa hiyo swali lako la pili, jibu ni ndiyo, na la kwanza karibu limeshajijibu. BMI ya 26 na ushee haiwezi kukuonyesha mafuta yalipokaa. Mfaransa Jean Vague pale Marseille aliliandika hilo mwaka 1947, kwamba unene wa tumboni na unene wa mapajani hauendi na magonjwa yaleyale. Mafuta yaliyozunguka utumbo damu yake inaingia moja kwa moja kwenye ini. Ini likielemewa linajaza mafuta ndani yake, linamwaga sukari usiku wakati hujala kitu, na kongosho linalazimika kutoa insulini zaidi kuizuia. ALT yako huenda ndipo inapotokea. Nasema huenda. Kabla hatujamlaumu wali, pima homa ya ini B, ipo nyingi nchini, na useme ukweli kuhusu bia. Ultrasaundi ya tumbo itaona ini lenye mafuta kama limeshajaa vya kutosha.

Kifurushi sasa. Leptini iligunduliwa 1994 na watu wakadhani dawa ya unene imepatikana. Inatolewa na mafuta yenyewe, ukiwa na mafuta mengi inapanda. Utalipa ili karatasi ikwambie una mafuta. Adiponektini ni kinyume chake, mafuta ya tumboni yakizidi yenyewe inashuka, na kwenye tafiti za watu wengi walio na kiasi kidogo ndio wanaopata kisukari zaidi. Inavutia. Lakini hakuna mstari uliokubalika wa kumwambia mtu mmoja, wewe fulani, hapa ni pabaya. Daktari akiletewa hiyo namba ataiangalia, atakuangalia, atasema punguza tumbo. Homosisteini na vitamini D nazipita. Asidi ya yuriki ni rahisi kupata popote, ipime kama kidole gumba cha mguu kinakuwasha moto usiku, yaani jongo.

Insulini ndiyo ya kuongelea, kwa sababu hapo dada wa mapokezi ana hoja nusu. Kweli insulini hupanda miaka kadhaa kabla sukari haijaonekana kupanda. Kuna hesabu ya tangu 1985, insulini mara sukari gawanya kwa 22.5, inaitwa HOMA. Shida yake iko kwetu maabara. Mashine mbili tofauti zinaweza kutoa insulini mbili tofauti kwa damu ileile, hakuna kipimo kimoja cha dunia kilichozioanisha. Na chembe nyekundu zikipasuka kwenye chupa, insulini inaliwa. Damu imetolewa tawi la Mbezi, imekaa kwenye boksi la bodaboda, imepita Ubungo saa sita mchana, imefika maabara kuu imekuwa nyekundu kwenye maji yake. Hapo mtu anapewa namba yenye desimali mbili. Mimi nisingelipa, hasa wewe ambaye alama tatu zimeshasema.

Na kwa hilohilo, hebu uliza sukari yako ya 6.0 ilitolewa kwenye chupa gani na ilikaa muda gani. Chembe zinaendelea kula sukari ndani ya chupa, kwenye joto la kawaida la chumba inashuka asilimia 5 hadi 7 kila saa kama damu haijatenganishwa. Kifuniko cha kijivu kina dawa ya kuzuia, ingawa nayo inachelewa kushika. Kwa hiyo 6.0 iliyosafiri inaweza kuwa ilikuwa zaidi.

Nimebakiza vitu viwili nataka unijibu wewe. CRP yako 6.4: lile jino lilikuwa na usaha au limevimba siku ile? Na pili, sukari ya njaa 6.0 na HbA1c 5.4 hazijaoana machoni mwangu. Una upungufu wa damu? Umewahi kuongezewa damu karibuni? Kwenu kuna selimundu?

Segerea_Mwisho

Mama shikamoo, samahani sikujua naongea na mtu mzima. Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa na kikokotoo.

Jino limevimba kweli, shavu lilikuwa limejaa, nilikuwa nalisukutua na maji ya chumvi nikisubiri liishe lenyewe. Hakuna aliyeniuliza pale. Bia ni wikiendi, Jumamosi zile za mpira, sitaki kutaja idadi mbele ya watu.

Kuongezewa damu hapana. Ila selimundu ndiyo, mwanangu wa pili anayo, tunahudhuria kliniki tangu akiwa mdogo. Mimi mwenyewe walinipima wakati ule wakasema ninabeba tu, siumwi. Sasa hiyo inaingiaje kwenye kitambi?

Chuma_Mwenge

Mama nimekubali, ile ya kugeuza milimoli sikuwahi kuambiwa. Nimewapigia hiyo hesabu karibu gym nzima. Kesho kuna watu wataniuliza.

Mzee_wa_Kivuko

Mimi nichangie kidogo, nipo Kigamboni. Kaka yangu mdogo, usidanganyike na sukari ya asubuhi. Yangu ilikuwa 5.9, 6.0, 5.8, kila nikipima asubuhi naambiwa mzee uko vizuri. Siku moja nimekula ubabwa wa hitima, jirani ana mashine mpya anaijaribu kwa kila mtu, nikampa kidole. Ikasoma 13. Nikamwambia mashine yako mbovu. Alipojipima yeye ikasoma 6. Hospitali wakathibitisha. Hivi sasa natumia vidonge, macho wananiangalia kila mwaka. Kitambi changu nilikuwa nakisifia, nilikuwa nasema mtu akipita barabarani na tumbo ujue nyumbani kuna amani.

Mama_Maabara

Marahaba mwanangu. Mzee wa Kivuko, umenirahisishia kazi, maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Selimundu inaingia hivi. HbA1c inapima sukari iliyojibandika kwenye himoglobini muda wote chembe nyekundu inapoishi, kawaida karibu miezi minne. Ukiwa na himoglobini isiyo ya kawaida, kama ya selimundu, mambo mawili yanaweza kuharibika: chembe ziishi muda mfupi, zisipate nafasi ya kukusanya sukari, au mashine ichanganywe na himoglobini yenyewe, inategemea aina ya mashine. Mwenye ugonjwa wenyewe HbA1c yake haifai kabisa. Mbebaji kama wewe ni suala dogo zaidi, lakini lipo. Uchunguzi wa Wamarekani weusi uliochapishwa 2017 ulionyesha wabebaji wanasoma chini kwa kama asilimia 0.3 kulinganisha na wasiobeba wenye sukari ileile. Kwa 5.4 yako ongeza hiyo, unaanza kuingia 5.7, ambapo Wamarekani wanaanza kusema sukari imekaribia. Na upungufu wa madini ya chuma unaivuta kwenda juu, upande mwingine kabisa. Nchi hii ina wabebaji wengi wa selimundu, na fomu za vipimo nyingi ninazoziona hazina hata kisanduku cha kuuliza.

CRP nayo tumemalizana. Hiyo namba inapanda kwa chochote kinachoamsha kinga ya mwili: jino, malaria, mafua, kidonda. Kwa kuangalia hatari ya moyo, chini ya 1 ni njema, 1 hadi 3 ya kati, juu ya 3 ni mbaya, lakini masharti ni mtu awe mzima, na irudiwe wiki kadhaa mbele. Kweli mafuta ya tumboni yanaipandisha kidogo kidogo. Ila mtu mwenye shavu limejaa usaha kuambiwa kitambi chake kinamchoma ndani, hapo wameuza, hawajapima. Nenda kang'oe au uzibe, halafu urudie CRP peke yake kama roho haitulii.

Cha kupima sasa, na hakina bei ya kutisha, ni sukari ya saa mbili. Hospitali yoyote ya rufaa ya mkoa, Amana, Temeke, Mwananyamala, daktari wa kliniki ya kisukari anaweza kukuandikia. Siku tatu kabla kula kama unavyokula, usijifanye mtakatifu, ukibana wanga ghafla majibu yanapotoka. Usiku usile kuanzia saa nne, maji tu. Asubuhi wanatoa damu ya kwanza, unakunywa gramu 75 za glukosi kwenye maji ndani ya dakika tano, unakaa kitini saa mbili. Kukaa unakujua. Usitembee, usivute sigara, usitafune bazoka. Nimeshakuwa na mteja aliyesema hajala kitu, ni chai ya rangi tu, nikamuuliza mbona meno yana andazi. Baada ya saa mbili damu ya pili. Chini ya 7.8 umepita. 7.8 hadi 11.0 mwili umeanza kushindwa. 11.1 na kuendelea ni kisukari.

Na kuna namba moja kwenye karatasi yako hawakuiandika wala haina bei: kolesteroli jumla toa HDL. 5.0 toa 0.9 ni 4.1. Hiyo inabeba mafuta yote yanayoweza kuziba mishipa, LDL na mengine, na tungeipenda chini ya 3.4. Mwonyeshe daktari pamoja na presha.

Segerea_Mwisho

Kwa hiyo mama, HbA1c yangu ni kontena lililopita skana wakati skana imewekwa kwa mzigo wa aina nyingine. Nimeelewa sana.

Nimerudi na majibu. Jino limeng'olewa. Homa ya ini B sina. Ultrasaundi wamesema ini lina mafuta, daraja la kwanza. Sukari ya njaa safari hii 6.2, ya saa mbili 9.4. Presha daktari amepima mara tatu kwa siku tofauti, inacheza 136 mpaka 140 juu, ameniambia nijipime nyumbani niandike, tutaamua dawa nikirudi. CRP nimerudia, 1.8. Dada wa kifurushi amenipigia, nikamwambia jino limetoka na moto umezimika, akakata simu.

Vyote nilivyopima havijafika hata theluthi ya bei yake. Sasa hiyo 9.4 ina maana nina kisukari au sina? Daktari alikuwa na foleni mpaka nje, alisema "bado, lakini" akaita mwingine.

Mama_Maabara

"Bado, lakini" ndiyo jibu lenyewe, nikumalizie. Ya njaa 6.2 imevuka hata mstari wa Shirika la Afya Duniani, ambao ni 6.1. Ya saa mbili iko katikati ya 7.8 na 11.0. Kisukari huna. Njia ya kwenda huko umeshaishika.

Kuhusu kurudi nyuma kuna ushahidi mzuri kuliko vitu vingi ninavyovijua kwenye kazi hii. Marekani walichukua watu zaidi ya elfu tatu wa hali kama yako, majibu yakatoka 2002. Kundi moja lilipunguza uzito kwa lengo la asilimia 7 na kutembea dakika 150 kwa wiki, jingine likapewa metformini, dawa ya kisukari, jingine vidonge visivyo na dawa. Waliotembea, kisukari kilipungua kwa asilimia 58 kuliko wa vidonge hewa. Wa metformini asilimia 31. Asilimia 7 ya kilo 78 ni kilo tano na nusu. Kwa mtu wa Segerea, shuka kwenye gari lako siku mbili tatu kwa wiki, panda daladala, shuka vituo kadhaa kabla ya ofisi. Chuma atakuongezea vyuma, na hapo nampa haki yake, misuli inachukua sukari. Tumbo ndilo hutangulia kupungua, mafuta ya ndani yana haraka ya kuondoka kuliko ya mapajani, ndiyo maana futi kamba itakupa habari kabla ya mizani.

Chipsi zege za saa tatu usiku na soda za Jumamosi sitazihubiri, unazijua.

Chuma_Mwenge

Bosi njoo asubuhi, mwezi wa kwanza juu yangu. Nina deni na hesabu.

Segerea_Mwisho

Nakuja Chuma. Mama, la mwisho nisikuchoshe. Mke wangu kasoma uzi wote huu juu ya bega langu. Amejizungushia futi kamba mwenyewe, 91. Ana urefu wa 160. Hana dalili yoyote, presha alipimwa mwaka jana ikawa sawa. Anauliza naye aanze na kipimo gani, HbA1c inatosha maana haihitaji kufunga kula?

Mama_Maabara

Nusu ya urefu wake ni 80, na mstari wa wanawake wa lile Shirikisho nao ni 80, kwa hiyo aje. Presha, sukari ya njaa, na mafuta yenye HDL, akikumbuka HDL yake inatakiwa ifike 1.3 na si 1.0 kama yako. Kama aliwahi kuambiwa sukari imepanda akiwa mjamzito, aseme, maana hapo anaingia moja kwa moja kwenye ile ya saa mbili.

HbA1c asiitegemee peke yake. Mtoto hupata selimundu kwa kurithi upande wa baba na upande wa mama. Kama wewe unabeba na mtoto anaumwa, basi naye karibu hakika anabeba, hata kama hakuna aliyemwandikia kwenye karatasi. Aliandike mwenyewe kwenye fomu, juu kabisa, kabla hawajamtoa damu.